Mwethya wa Kutafutiana Kazi

Simu ya asubuhi na mapema sijawahi kuipenda. Mhariri wangu hupiga mchana, jamaa wa kuomba mchango wa harusi hupiga jioni, kwa hiyo simu ikilia kabla sijanywa chai moyo wangu hutangulia kujua. Aliyepiga juma lililopita ni mlinzi mmoja ninayemfahamu, anayelinda bohari ya saruji huko Mavoko. "Mzee," akasema, "yule mama ametuacha. Ni mapafu. Alilazwa hospitali juzi, leo hayuko." Nikamwambia pole, naye akaniambia pole, kama tufanyavyo watu wazima tusipokuwa na la kusema. Kisha akaongeza jambo ambalo mtu asiyewafahamu wale watu angeliona halihusiani kabisa na msiba: "Na bado hatujampatia yule msichana kazi." Nilikaa kitini na simu mkononi, nikajua kwamba hilo ndilo swali ambalo marehemu mwenyewe angeuliza kwanza.

Hakuwa ndugu yangu, wala hatukuwa marafiki wa kutembeleana. Nilimjua kwa namna ya kuchekesha. Jumamosi moja askari wa geti la mtaa wetu hapa Syokimau alinipigia akiwa amechanganyikiwa. "Mzee, niko na watu watano hapa. Wanasema wametumwa kwako na fundi wako wa mabomba." Nikamwuliza wanataka nini. "Wanatafuta kazi. Lakini wanne wanasema hawataki kazi." Nikavaa malapa nikaenda kujionea mwenyewe. Sisi wa mitaa hii mipya tumewazoea watafuta kazi wa getini, na kusema kweli tumekuwa wepesi wa kuwaambia hakuna hata kabla hawajamaliza salamu. Hawa walikuwa wanawake wanne na mwanamume mmoja. Aliyesema ni mama mrefu aliyekaribia miaka hamsini, amevaa sweta lililofungwa vifungo vyote ingawa jua lilikuwa kali. "Habari yako mzee. Hatutaki kukupotezea wakati. Tunamtafutia huyu kazi." Akamwonyesha mwanamke aliyekuwa amesimama nyuma yao ameinamisha kichwa. Nikauliza wao wenyewe wanafanya kazi wapi. "Sisi pia hatuna. Kampuni ilitufuta wote siku moja. Lakini leo ni siku ya huyu." Kwa utundu nikauliza itakuwaje nikiwa na kazi ya watu wawili. Wakatazamana, kisha mama yule akajibu bila kutabasamu, "Ukiwa na ya pili, iweke. Utatupatia siku ya mwingine ikifika."

Ndipo wakaanza kumsifu yule mwenzao, zamu kwa zamu. Mmoja alisema katika miaka yote ya kiwandani hajawahi kumwona akichelewa hata mvua ikinyesha. Mwingine akasema ukimwachia huyu watoto wako hutakuwa na haja ya kupiga simu kuuliza. Yule mwanamume akasema mkewe alipokuwa akijifungua, huyu ndiye aliyeshughulikia mashine yake pamoja na ya kwake, msimamizi asijue kuna mtu ametoka. Mhusika mwenyewe hakusema neno, alikuwa akichora mchanga kwa ncha ya kiatu. Sijui nini kilinipata. Nimewahi kusoma barua nyingi za maombi ya kazi, zilizopangwa vizuri na kupigwa mihuri, na hakuna hata moja iliyonifanya nirudi ndani kuchukua simu. Siku ile nilimpigia jirani yangu mwenye shule ya chekechea, na juma lililofuata mwanamke yule alikuwa akiwapikia watoto uji. Mama mrefu alirudi baadaye kushukuru, amebeba kopo la isyo, yale mahindi na maharagwe ya Wakamba. "Ni muvea," akaniambia, yaani asante, kisha papo hapo akanijulisha kwamba zamu iliyokuja ni ya yule mwanamume, na akaniuliza kama mtaa wetu hauhitaji mlinzi.

Mama huyo mrefu, ambaye sasa ni marehemu, alizaliwa Ndithini, akaolewa Kithimani, na kwa miaka mingi alishona nguo katika kiwanda kimoja cha Mavoko, akilala chumba cha kupanga siku za kazi na kurudi shambani kwa mumewe mwisho wa juma. Kisha maagizo ya nguo kutoka ng'ambo yakakatika. Wakakusanywa saa ya chakula, bwana mmoja akapanda juu ya kiti akawasomea tangazo. Walilipwa kile ambacho sheria inasema walipwe, wakashukuriwa, wakatolewa nje kwa utaratibu mzuri kabisa, na hapo ndipo utaratibu ulipoishia. Katika nchi yetu hakuna ofisi inayomngoja mtu aliyepoteza kazi. Akiba yake ya uzeeni ipo, lakini akienda kuiulizia huambiwa asubiri hadi atimize umri uliowekwa, kana kwamba tumbo nalo limeambiwa lisubiri. Na kutafuta kazi kwenyewe kuna masharti. Anatakiwa awe na cheti cha tabia njema, achukuliwe alama za vidole, alipe ada. Na cheti hicho hudumu mwaka mmoja tu kisha huharibika kama maziwa, alipe tena, athibitishe tena kwamba bado ni mwema. Vyeti vya shule vipigwe mihuri, nakala zitolewe, nauli itafutwe. Waswahili walisema mkono mtupu haulambwi. Asiye na kazi anatakiwa kuwa na senti za kutafutia kazi, na sijaona mheshimiwa yeyote akikosa usingizi kwa ajili ya hilo.

Marehemu aliyapitia hayo yote, na alikuwa na vyeti vyake vyote. Kilichomwangusha ni kitu kingine, na alinisimulia akicheka mpaka akashika mbavu. Kiwanda kingine kilimwita kwenye mahojiano. Akakaa mbele ya watu watatu wenye kompyuta, wakamwuliza maswali ya mashine, akajibu yote. Mwishowe bwana mmoja akamwuliza: kwa nini tukuchukue wewe tuwaache wale walio nje? Naye akajibu, "Hiyo siwezi kusema. Wale wako nje wote ni wazuri, tumekaa na wao hapo kwa benchi tukiongea. Mkiona kuna mwenye anafaa kuliko mimi, chukueni huyo." Wakafanya hivyo hivyo. "Mzee, si kwamba sikujua kujibu," aliniambia. "Lakini mama alitufunza mtu hajisifu. Ni aibu. Nikiangalia wale wazungu weusi nikaona ni kama mama amekaa hapo na wao ananiangalia." Na wengine katika kundi lao walifanya vivyo hivyo. Yuko aliyeulizwa udhaifu wake akauorodhesha wote kwa uaminifu, kuanzia magoti mpaka hasira, akarudi nyumbani akishangaa mbona hawapigi simu.

Tumelelewa kwa methali ya kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni methali nzuri kwa soko la zamani, ambako kila mnunuzi anamjua kila muuzaji na shamba lake. Lakini katika soko la leo, kizuri kikikaa nyumbani kikingoja kujiuza, kitaoza hapo kilipo. Vijana wamelielewa hilo wakaamua kujitembeza, na siwalaumu. Nimewasikia hapa Syokimau wakijieleza kwa maneno ambayo mimi nikiambiwa niyaseme kujihusu nitatafuta pa kujificha. Marehemu hakuweza kujitembeza, na hakutaka kuoza. Alikaa nyumbani Kithimani akiwaza, na jibu likamjia akiwa anachimba mtaro shambani pamoja na wanawake wenzake.

Mimi nilikuja Ukambani kwa sababu ya bei ya ploti, kwa hiyo ilibidi aniambie mwethya ni nini. Watu wanajikusanya kuchimba matuta ya kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Leo wote wanachimba shamba la huyu, siku nyingine wote wanachimba la yule. Mwenye shamba ndiye anayepika. Usipokwenda kwa wenzako, siku yako utachimba peke yako. "Nikasema, sasa si hata kazi inaweza kutafutwa hivyo?" Akawatafuta waliofutwa pamoja naye, wachache wakakubali, wakapiga kura ya zamu. Wakati wa zamu ya mtu, wote wanamtafutia yeye tu, hata miezi ikipita, na hakuna ruhusa ya kuichukua kazi iliyopatikana kwa jina lake. Anayetafutiwa anapika isyo na ananyamaza. Wenzake ndio wanaosema. Na ukipata kazi hujatoka mwethya, bado Jumamosi zako ni za wenzako. Kanuni hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuwa ngumu. Yule mwanamume alipopata ulinzi wa bohari aliacha kupokea simu. Marehemu hakumgombeza. Alikwenda akaketi kwenye jiwe nje ya lango analolinda, akafuma sweta. Madereva wa malori wakaanza kuuliza kama ni mama mkwe wake. Kabla ya jioni mlinzi akasema Jumamosi atakuja.

Nina mpwa wangu anayeishi ng'ambo. Aliachishwa kazi mwaka huo huo walipofutwa hawa, na huko serikali ilimlipa fedha za kujikimu, ila ilimtaka kila juma aonyeshe ameomba kazi ngapi na wapi, la sivyo malipo yanasimamishwa. Nilimsimulia marehemu kwa nia ya kumwonyesha jinsi wenzetu walivyoendelea. Alisikiliza kwa makini sana. "Hiyo ni nzuri," akasema. "Hata sisi ingefaa tupate, watu wasilale njaa wakitafuta. Na huyo kijana nani anamwongelea?" Nikamwambia anajisemea mwenyewe, kwa kompyuta, peke yake chumbani. Akasema, "Mwambie pole kutoka kwangu." Nilipompelekea mpwa wangu salamu hizo, kijana yule ambaye kwa kawaida hunijibu kwa neno moja alinipigia simu tukaongea muda mrefu.

Sasa nifikie jambo lililonifanya nimheshimu mama huyu kuliko watu wengi wenye vyeo ninaowafahamu. Zamu ya mwisho kabisa ilimwangukia msichana mmoja aliyekuwa akikaa kwenye mashine ya jirani na ya marehemu kiwandani. Ana mtoto mchanga, na baba wa mtoto alikwisha kwenda zake. Zamu ya marehemu ilikuwa kabla tu ya hiyo ya msichana. Ikapatikana nafasi nzuri ya kudumu, katika karakana ya sare za shule mjini Machakos. Walikuja barazani kwangu kupanga safari, na mimi nilikuwa nimekubali kuwaendesha. Yule mlinzi, ambaye sasa alikuwa mwanamwethya wa kweli, akasema kile ambacho kila mtu alikuwa akiwaza. "Mwaitu," akamwambia kwa heshima anayopewa mama, "si umwachie huyu? Yeye ako na mtoto anataka maziwa. Wako ni wakubwa." Msichana akaanza kulia. Mimi nilikuwa natazama vikombe vya chai. Nilidhani najua mama mwema hufanya nini mahali kama pale.

"Hapana," akasema. "Siku yangu ni yangu." Akaendelea polepole. "Nikiacha leo kwa sababu huyu analia, kesho kila mtu atakuja na machozi yake. Tutaanza kushindana ni nani ako na shida mingi. Na mwenye hajui kulia atakaa chini mpaka azeeke. Mimi nilipiga kura kama nyinyi." Kisha akamgeukia msichana. "Usilie. Siku yako inakuja na mimi nitakuwa huko. Hata nikiwa na kazi. Hata iwe nini." Akasimama akachukua sweta lake, akasema twende, tutachelewa.

Tulikwenda. Na hapa sharti jingine la mwethya likajitokeza: anayeanza kusifu ni yule aliyekaa karibu zaidi na mhusika kazini. Huyo alikuwa msichana. Alisimama katika karakana ile na mtoto mgongoni, macho bado mekundu, mbele ya mwenye karakana, akatakiwa amwombee mwingine kazi aliyoitamani yeye kuliko yeyote. Niliogopa. Nilijua neno moja la baridi lingetosha kuharibu kila kitu. Akasema, "Huyu mama ndiye alinifunza mashine. Nilikuwa naharibu nguo, na yeye anazifumua saa ya lunch anazirudia, hakuna siku aliniambia mbele ya watu. Ukimchukua, wale wasichana wako wengine watakuwa wazuri pia. Si yeye tu." Mwenye karakana alimtazama marehemu, aliyekuwa amenyamaza kama kanuni inavyotaka, akamwuliza anaweza kuanza lini. Nimeripoti mikutano ya wakubwa kwa miaka mingi, na sijawahi kushuhudia heshima ya binadamu kama ile ya siku hiyo, ya yule aliyedai haki yake bila kuomba radhi, na ya yule aliyeisema kweli ingawa ilimnyima.

Alitimiza ahadi. Kila Jumamosi alipotoka karakana mchana alizunguka na msichana, Machakos, Tala, mpaka maduka ya Kithimani, na aliwapigia wengine simu mpaka wakaja. Hapakuwa na faida yoyote iliyobaki kwake, zamu yake ilikwisha zamani. Hapo ndipo mwethya unapojulikana kama ni mwethya au ni mchezo. Kuchimba shamba la kwanza kila mtu anaweza, kwa kuwa lake bado. Shamba la mwisho huchimbwa na watu ambao tayari wamekwisha kuchimbiwa. Kifua kilipoanza kumsumbua alisema ni vumbi la vitambaa. Alisema hivyo majuma kadhaa, kisha akalazwa, na mlinzi akanipigia simu.

Tulimzika Ijumaa nyumbani Kithimani. Mnajua mazishi yetu yalivyo. Kuanzia asubuhi tulisikia sifa zake: kanisa, ukoo, majirani, kikundi cha akina mama, diwani wa zamani aliyekuja kujisifu yeye zaidi. Yote tuliyosikia kumhusu yalikuwa kweli, nami nililia bila kuficha. Wenzake wa mwethya walipewa dakika chache mwishoni, watu wakiwa wamechoka na mawingu yakikusanyika. Mlinzi akashika maikrofoni. "Marehemu mmemsifu vizuri, na sina la kuongeza," akasema. "Lakini hizo sifa haziwezi kumsaidia sasa. Leo bado ni siku ya huyu." Akamvuta msichana kwa mkono akamsimamisha karibu na jeneza, mtoto akiwa amelala begani, na wenzake wote wakasimama wakaanza kumsifu, mmoja baada ya mwingine, mbele ya umati mzima. Mzee mmoja wa kanisa akanong'ona kwamba huu ni utovu wa adabu. Mfawidhi akasogea kuichukua maikrofoni. Mume wa marehemu, ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu asubuhi, akainua mkono. "Wachieni waongee," akasema. "Hii ndio kazi yake ilikuwa."

Wakaongea mpaka wakamaliza. Ningependa kuwaambia kwamba mwajiri fulani alisimama papo hapo. Hakusimama yeyote. Wengine walitazama viatu vyao, wengine wakaomba namba ya simu kwa adabu, kisha mvua ikaja tukakimbilia hemani. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza sisi ni watu wa namna gani, tunaomwekea mtu maneno mazuri mpaka awe hawezi kuyasikia. Tunaogopa kumsifu aliye hai, tukisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huenda ni kweli kwa wagema. Kwa mtu anayebisha hodi kwenye milango ya watu wasiomjua, sifa ya mwenzake ni chakula. Kila mmoja wetu anamfahamu mtu asiye na kazi, anajua kitu anachokifanya vizuri, na hajawahi kumwambia mwenye kazi hata mmoja.

Kwa hiyo leo safu hii naitoa kwa zamu iliyobaki. Yuko msichana Mavoko, fundi wa cherehani za kiwandani, wa kola na mifuko. Hachelewi. Akikosea husema amekosea, na akifundishwa hasahau. Nimemwona kwa macho yangu akisema kweli mahali ambapo uongo mdogo, au hata kunyamaza tu, kungemfaa zaidi. Mwenye kazi aniandikie kupitia gazeti hili, nitamleta mwenyewe, na tutakuja wengi. Yote niliyoandika kumhusu marehemu hayawezi tena kumpa hata kikombe cha uji. Haya machache ya mwisho bado yanaweza kumlisha mtu.